Anayekula matairi ni nani?

Tarehe 19 Juni mwaka 2005, katika uwanja wa mbio za magari wa Indianapolis huko Marekani, lilitokea jambo ambalo wapenzi wa mchezo ule hawajalisahau mpaka leo. Magari 20 ya Formula One yalitoka, yakazunguka uwanja mara moja kwa mwendo wa kujipasha moto kama ilivyo desturi, kisha magari 14 kati ya hayo yakakata kona na kurudi gereji yakiwa mazima kabisa. Hakuna injini iliyokufa wala dereva aliyeugua ghafla. Yaliyobaki uwanjani ni magari 6, na hayo ndiyo yaliyoshindana mbele ya maelfu kwa maelfu ya watu waliolipa kiingilio ili waone 20. Watazamaji walizomea, wengine wakarusha chupa. Michael Schumacher alishinda, lakini ushindi wenyewe ulikuwa kama pilau la msibani: shibe ipo, furaha haipo.

Sababu ilikuwa tairi. Magari yale 14 yalivaa matairi ya Michelin, na yale 6 yalivaa ya Bridgestone. Siku mbili kabla ya mashindano, wakati wa mazoezi ya Ijumaa, tairi la nyuma la kushoto la gari la Toyota lililoendeshwa na Ralf Schumacher, mdogo wake Michael, lilikufa katika kona ya 13, na gari likajigonga ukutani. Kona ile haifanani na nyingine. Barabara yake imeinamishwa upande kama paa, na magari huipita dereva akiwa amekanyaga mafuta mpaka mwisho. Mwinamo ule huligandamiza gari chini, na sehemu kubwa ya mzigo huenda kuiangukia tairi moja ya nje. Michelin ikasema waziwazi kwamba haiwezi kudhamini usalama wa matairi yake mahali pale labda mwendo upunguzwe. Ikaombwa paongezwe kikonakona cha kupunguza mwendo, wakubwa wa mchezo wakakataa. Timu nazo zikakataa kuwatoa madereva wao kafara. Baadaye Michelin ilijitolea kuwarudishia watazamaji fedha za viingilio.

Sasa, kuna mtu ataniuliza, ya Formula One yanatuhusu nini sisi tunaopanda daladala na matatu, au tunaoendesha vigari vyetu vya mkopo kwenda kazini na kurudi? Yanatuhusu, tena sana. Wengi wetu tunadhani tairi huisha kama sabuni, kidogo kidogo, pande zote sawa, mpaka siku moja hakuna. Tairi halifanani na sabuni hata kidogo, linafanana na kiatu. Mpe fundi viatu kiatu chako kilichochakaa, akigeuze, aangalie kisigino; atakuambia unatembeaje, mguu gani unauburuta, na pengine hata kwamba una haraka. Vivyo hivyo tairi lililoisha kabla ya siku zake limebeba ushahidi wa aliyelimaliza. Na mara nyingi aliyelimaliza si barabara, wala si kiwanda.

Hebu tuanzie kwa watu wanaoliona jambo hili haraka kuliko sisi. Huko Ulaya, na hata Afrika Kusini kwenye viwanja kama Kyalami karibu na Johannesburg au Killarney pale Cape Town, kuna siku ambazo uwanja wa mbio hufunguliwa kwa watu wa kawaida. Si mashindano, hakuna kombe. Mtu analipa ada, anavaa kofia ya chuma, anaingia na gari lake mwenyewe analoendea kazini, anakimbia atakavyo bila kuogopa trafiki. Ujerumani wanayo barabara ya Nürburgring iliyofunguliwa mwaka 1927, mzunguko wake mmoja karibu kilomita 21 milimani, na mpaka leo raia yeyote mwenye leseni na gari zima huweza kulipa akaingia siku zilizotengwa. Watu hawa hununua matairi ya mpira laini unaong'ang'ania lami kama gundi, matairi ya gharama. Halafu jioni moja tu mtu anarudi nyumbani, anaangalia tairi la mbele la kushoto, anakuta bega lake la nje limeliwa mpaka nyuzi zinachungulia, wakati katikati na ndani kashata zimesimama kama zilivyotoka dukani. Amelipia tairi zima, ametumia theluthi yake.

Kwa nini bega la nje? Hapa inabidi tufanye hesabu kidogo, nayo si ngumu. Chukua gari dogo la kilo 1,200. Likisimama, upande wa kushoto unabeba 600 na wa kulia 600. Liingize kwenye kona ya kulia kwa nguvu zote ambazo tairi nzuri linaweza kuhimili. Kama kitovu cha uzito wake kiko nusu mita juu ya ardhi, na magurudumu yake yameachana mita moja na nusu, kilo 400 zitauhama upande wa kulia na kuhamia kushoto. Sasa kushoto panabebwa kilo 1,000 na kulia 200 tu. Magurudumu mawili yanafanya kazi ya manne, na katika hayo mawili, la mbele, lenye mzigo wa injini na la kukata kona pia, ndilo punda wa kijiji.

Haya yote yangevumilika kama tairi lingekanyaga chini kwa uso wake wote, eneo ambalo kwa kila gurudumu halizidi sana kiganja cha mtu mzima. Lakini gari likikata kona linalala. Bodi inaegemea nje, na gurudumu nalo linaegemea pamoja nalo. Tuseme bodi imelala nyuzi 4. Magari mengi madogo yana mbele ule mtindo wa shokapu refu lililosimama wima na mkono mmoja tu chini, na mtindo huo, pamoja na kwamba ni rahisi na hauchukui nafasi, haulinyanyui vizuri gurudumu. Pengine utarudisha nyuzi 1 tu. Zilizobaki 3 ni za tairi kujibeba kwa bega lake la nje, kama mtu anayetembea kwa kingo za nyayo. Kwa mwendo wa kwenda sokoni hilo si tatizo. Kwa saa nzima ya kukimbizana uwanjani, bega linapata moto, linalainika, linachunwa.

Dawa yake ni kulilaza gurudumu upande wa pili kabla ya safari kuanza. Yaani gari likiwa limesimama, magurudumu ya mbele vichwa vyao vielekeane kwa ndani na nyayo zao zitanuke nje, kama mlinda mlango anayengoja penalti. Mafundi wa alaimenti huuita mlalo huu kemba. Magari mengi hutoka kiwandani yakiwa na mlalo mdogo mno, kati ya sifuri na nyuzi moja, maana mwenye kiwanda anamfikiria mzee anayekwenda taratibu barabara kuu. Mtu wa uwanjani huhitaji nyuzi mbili na nusu, tatu, wengine tatu na nusu. Gari likilala kwenye kona, gurudumu lililotanguliziwa mlalo linasimama sawasawa, kiganja chote kinashika lami. Kuna bolti maalumu za kufanyia kazi hiyo, na kuna sahani za kufungwa juu ya shokapu zinazoruhusu kulisogeza huku na huku. Mara nyingi vyote hivyo bei yake ni chini ya seti moja ya matairi ya mpira laini. Ajabu ni kwamba watu wengi hununua kwanza ekzosi ya kelele.

Lakini dawa ikizidi huwa sumu, na hili lilionekana mbele ya dunia nzima pale Spa, Ubelgiji, mwaka 2011. Pirelli, waliokuwa wamerudi kuleta matairi ya Formula One mwaka huohuo, walishauri mlalo wa mbele usizidi nyuzi 4. Timu ya Red Bull ilizidisha kidogo ili ipate kasi. Baada ya mbio za kupanga nafasi, matairi ya mbele ya magari yao yakakutwa yametoka malengelenge upande wa ndani, kama mkono ulioshika sufuria la moto. Usiku ule haukuwa na usingizi kwa wahandisi. Siku ya mashindano madereva wao waliingia mapema kubadilisha matairi, na Sebastian Vettel akashinda hata hivyo. Lakini ilikuwa bahati iliyochanganyika na ujasiri, si mfano wa kuigwa na mwenye gari la familia.

Tena kuna adui mwingine ambaye kwetu sisi wa mjini ni mbaya kuliko huo mlalo, naye ni mwelekeo. Simama juu ya gari ulitazame kama ndege anavyolitazama. Magurudumu mawili ya mbele yanapaswa kuelekea mbele sambamba, au karibu sana na hivyo. Yakielekeana kama vidole vya mtoto anayejifunza kutembea, au yakipeana mgongo kama waliogombana, kila moja linataka kwenda kwake huku gari linalazimisha yote mawili kwenda mbele. Basi yanaburutwa. Gurudumu lililokengeuka nusu ya nyuzi moja tu, kiasi ambacho jicho halikioni, huburutwa ubavuni karibu mita 9 katika kila kilomita. Toka Dar es Salaam kwenda Morogoro, kilomita kama 190, tairi hilo litakuwa limesuguliwa kiubavu zaidi ya kilomita moja na nusu. Lisugue raba ya penseli kwenye saruji kiasi hicho, uone kitakachobaki.

Dalili yake huhitaji mashine. Gari likiwa limepoa, pitisha kiganja juu ya uso wa tairi toka ndani kwenda nje, kisha rudisha toka nje kwenda ndani. Ukisikia upande mmoja laini na upande mwingine unakwaruza kama meno ya msumeno, mwelekeo umeharibika. Na wale vijana wa uwanjani wanaopenda kuyatanua magurudumu nje kidogo ili gari liwe jepesi kuingia kona, halafu wakachanganya na mlalo wa nyuzi tatu, halafu wakalitumia gari hilohilo safari za barabara kuu juma zima, hao huyamaliza matairi kwa upande wa ndani kabisa, upande usioonekana mtu akipita kando ya gari. Kwa nje tairi linameta. Kwa ndani nyuzi za chuma ziko nje. Ndiyo maana mwenye busara, kama anataka gari moja lifanye kazi zote mbili, huacha mwelekeo uwe sifuri, akachukua mlalo wa wastani, akakubali kupoteza sekunde kadhaa uwanjani.

Hapa niseme jambo moja kwa wanunuzi wa matairi ya mitumba, maana miji yetu imejaa. Tairi lililotoka Ulaya au Japani likiwa bado na kashata nzuri, kuna swali lazima ulijiulize: mwenyewe aliliacha kwa nini? Pengine gari lilipata ajali, pengine alihama nchi. Lakini pengine aliliacha kwa sababu bega la ndani limekwisha. Lizungushe lote, liangalie mabega yote mawili kwenye mwanga, pitisha mkono kwa ndani pia kuona kama ubavu umevimba. Halafu tafuta ubavuni maandishi ya DOT. Tarakimu nne za mwisho ndizo umri wake. Ukikuta 2319, maana yake lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Kadhalika, kwa matairi yanayouzwa soko la Marekani, kuna namba ya kuisha iitwayo tredweya. Namba 200 ni mpira laini, huo ndio wa vijana wa uwanjani. Ukiona 400, 500 au zaidi, huo ni mgumu na wa kudumu. Muuzaji anayekuambia tairi la 200 ni zuri hakudanganyi, ila zuri lake si la daladala.

Turudi uwanjani. Mtu makini akimaliza mizunguko yake haendi moja kwa moja kunywa soda. Anainama na kipimajoto chenye sindano, anachoma mpira sehemu tatu: ndani, katikati, nje. Kwa matairi yale ya mpira laini, joto zuri ni kama kati ya nyuzi 70 na 100. Nje kukiwa na moto kuliko ndani, mlalo hautoshi, aongeze. Ndani kukizidi kidogo, hapo pazuri, maana kwenye mistari iliyonyooka gurudumu lililolazwa hukanyaga zaidi ndani. Ndani kukizidi sana, apunguze. Katikati kukizidi pande zote mbili, upepo umejaa mno na tairi limetoa kitambi. Mabega yote mawili yakizidi katikati, upepo ni haba. Tairi linazungumza lugha moja tu, joto, na baada ya joto linazungumza kwa kuisha. Asiyesikia la kwanza atalipia la pili.

Springi na zile nondo za kuzuia gari lisilale nazo zina neno lao. Nondo ngumu ya mbele hulizuia gari kulala, lakini huongeza mzigo kwa tairi la mbele la nje. Ya nyuma ikikazwa, mzigo huo hugawanywa na nyuma. Watengenezaji huyaacha magari ya kawaida na tabia ya kugoma kukata kona mwendo ukizidi, gari linakwenda mbele badala ya kugeuka, kwa kuwa hiyo ni salama zaidi kwa dereva asiye mzoefu kuliko nyuma kuponyoka. Dereva asiye na subira, akiona gari haligeuki, anaongeza kukata usukani. Tairi limekwisha shindwa kushika, yeye analikunja zaidi! Mpira unaanza kujiviringisha vijinyuzi vijinyuzi kama uchafu wa kifutio, na tairi linaanza kuzeeka saa ileile. Hakuna fundi anayeuza spea ya subira.

Na viwanja vingi, Silverstone kwa mfano, huzungukwa kwa kufuata mshale wa saa, kwa hiyo kona nyingi ni za kulia na matairi ya kushoto ndiyo yanayokufa kwanza. Mtu wa kawaida hushughulikia hili kwa kubadilishana matairi kushoto na kulia, na kama tairi halina upande maalumu hakuna ubaya. Lakini sikiliza yaliyowakuta mabingwa hapohapo Silverstone, tarehe 30 Juni 2013. Lewis Hamilton alikuwa anaongoza mbele ya watu wa kwao pale tairi lake la nyuma la kushoto lilipopasuka. Mizunguko michache baadaye likapasuka la Felipe Massa, kisha la Jean-Éric Vergne, na karibu na mwisho la Sergio Pérez. Yote ya nyuma, yote ya kushoto, na vipande vya mpira vikiruka kwenye njia ya madereva waliokuwa wanafuata nyuma bila paa juu ya vichwa vyao. Pirelli walipochunguza walitaja mambo manne yaliyokutana: matairi ya nyuma yaliyotengenezwa kwa ajili ya upande wa kulia kufungwa kushoto na ya kushoto kulia, upepo uliopunguzwa kupita kiasi, mlalo uliozidi, na kingo kali za pembeni mwa barabara. Walikiri pia kwamba hatari ya kubadilisha pande ililipuuzwa na wote, wao wakiwa wa kwanza kwa kuwa hawakuikataza. Wiki moja baadaye huko Ujerumani, kubadilisha pande kukapigwa marufuku, upepo na mlalo vikawekewa mpaka, na matairi ya nyuma yakabadilishwa mkanda wa ndani kutoka chuma kwenda kevla. Halikupasuka hata moja.

Angalia vizuri orodha ile, ndugu msikilizaji. Kila timu ilifanya vile kwa sababu kila kimoja kilikuwa na faida yake. Upepo mdogo hushika lami vizuri. Mlalo huongeza kasi ya kona. Hakuna aliyelala usiku akikusudia kupasua tairi. Ni faida nne ndogo zilizokutana mahali pamoja.

Hadi hapa nimeusema mfumo wa springi na shokapu kuwa ndio unaokula tairi. Lakini tairi nalo hulipiza. Mwaka uleule wa 2005, tarehe 29 Mei, pale Nürburgring, Kimi Räikkönen alikuwa anaongoza. Alifunga breki kwa nguvu wakati anampita mwenzake aliyekuwa nyuma kwa mzunguko mzima, gurudumu la mbele likakwama bila kuzunguka, mpira ukasuguliwa sehemu moja ukawa bapa. Mwaka ule kanuni zilitaka seti moja ya matairi itumike mashindano yote. Timu ikaamua aendelee. Kila mzunguko wa gurudumu ukawa pigo la nyundo, na kwenye picha za televisheni gurudumu lilionekana linatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Mzunguko wa mwisho kabisa, akikaribia kona ya kwanza, mikono inayoshika gurudumu ilivunjika na gari likatoka nje. Fernando Alonso akapita akashinda, na mwisho wa mwaka akawa bingwa wa dunia.

Kwetu pia yapo. Mashindano ya Safari yaliporudi kwenye ratiba ya dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, Thierry Neuville aliamka Jumapili pale Naivasha akiwa anaongoza. Katika kipande cha kwanza tu cha siku ile shokapu la nyuma lilimharibikia, na safari yake ikaishia hapo. Sébastien Ogier akaondoka na kombe. Kama njia zetu zinavunja shokapu la gari la mamilioni lenye kundi la mafundi nyuma yake, fikiria shokapu la gari lako lililopita kwenye matuta yasiyo na alama kwa miaka saba. Shokapu lililokufa huliacha gurudumu lirukeruke, na tairi huchongeka mabonde mabonde kama barabara ya vumbi baada ya mvua. Mwenye gari hulalamika tairi ni bovu, ananunua jingine, na jipya nalo linachongeka vilevile.

Baadhi ya vijana wetu hukata springi ili gari lilale chini lipendeze. Wazee wengine hufanya kinyume, huweka vipande vya kulinyanyua ili lisigonge mawe. Wote wawili wamebadilisha mlalo na mwelekeo bila kujua, kwa kuwa gari likishuka au kupanda, ile mikono ya chini na fimbo za usukani hubadilisha pembe zake. Likishushwa sana, mkono wa chini hupinda kuelekea juu, na gari linakuwa na tabia mbaya kuliko lilivyokuwa kiwandani ingawa linaonekana la mbio. Baada ya kazi kama hiyo alaimenti ni lazima, si hiari. Nayo alaimenti haina maana kama boljointi zimelegea na bushi zimekatika. Fundi atapima sawasawa kwenye mashine, na ukifika kwenye shimo la kwanza nje ya geti lake vipimo vyote vimehama. Mwulize kwanza kama amevitikisa. Akikujibu kwamba mashine itaona, tafuta mwingine.

Nimeliacha suala la upepo mwisho kwa makusudi, kwa sababu ndilo linaloua watu. Hewa ikipata moto hutanuka. Jaza tairi mpaka geji isome 30 asubuhi yenye nyuzi 20 za joto. Likikimbizwa uwanjani mpaka hewa ya ndani ifike nyuzi 70, geji itasoma karibu 38. Mtu wa uwanjani anajua, kwa hiyo anatoa upepo tairi likiwa moto mpaka abaki na 32 anazozitaka. Amefanya sawa. Ila jioni tairi hilohilo likipoa litasoma 25, na yeye ana safari ya saa tatu kurudi nyumbani, mke na watoto wako ndani na mizigo iko nyuma. Waangalifu husafiri na pampu yao na hawatoki getini bila kujaza tena.

Sasa huku kwetu kuna dereva ambaye hajawahi kuuona uwanja wa mbio, na bado anafanya kosa hilohilo kila mwezi. Safari ni ndefu, jua ni la saa saba, amesimama kituo cha mafuta, anagusa tairi linaunguza. Anasema lisije likapasuka, anamwambia kijana wa pampu alitoe upepo kidogo. Anadhani amelipumzisha. Tairi lenye upepo haba hujikunja zaidi kila linapozunguka, kujikunja huzaa joto, na joto ndilo linalofumua mikanda ya ndani. Kupanda kwa upepo kwa sababu ya safari kumeshawekwa kwenye hesabu na aliyelitengeneza. Namba iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva ni ya tairi baridi, gari likiwa halijatembea, na kama umejaza abiria na mizigo mara nyingi hapohapo kuna namba ya pili iliyo kubwa zaidi. Basi pima alfajiri kabla ya kuondoka, ukianza na la akiba kule nyuma ambalo huenda halijaguswa tangu ulinunue gari.